"Mama, Nimekula": Chakula cha Ugenini kwa Mwanafunzi Anayefanya Kazi

Akina mama wenye watoto wanaosoma ng'ambo tuna swali moja tunaloanza nalo kwenye simu: "Umekula?" Na jibu ni lile lile kila siku: "Nimekula, mama." Swali hilo halitusaidii sana. Kipande cha mkate na chai ya rangi saa tano za usiku, hata huko nako ni kula. Ukitaka kujua hali ya mtoto wako, muulize: "Jana ulikula nini, na ilikuwa saa ngapi?" Halafu nyamaza umsikilize.

Nayasema haya kama muuguzi, na pia kwa sababu ya mtoto wa dada yangu aliyeko Leeds, mji wa kaskazini mwa Uingereza. Anasoma chuo kikuu, na anafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee ili apate fedha za kujikimu. Sheria ya viza inamruhusu mwanafunzi wa shahada kufanya kazi saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula. Mtu akisikia saa 20 anaona ni chache. Lakini hizo ni zamu mbili za usiku za saa kumi kumi, na asubuhi yake kuna darasa.

Katika miezi minne ya kwanza binti huyu alipungua mpaka sketi zake akawa anazifunga kwa pini. Mama yake alidhani amekosa fedha. Fedha zilikuwa kidogo, ni kweli, lakini maduka yalijaa chakula. Alichokosa ni chakula ambacho mwili wake unakitambua, na muda wa kukipika.

Maharage matamu na mkate baridi

Wanaotuaga uwanja wa ndege huwa hawafikirii kwamba chakula kinaweza kumwelemea mtu. Binti alipewa maharage asubuhi, akafurahi. Kumbe ni maharage ya kopo yaliyopikwa kwenye mchuzi wa nyanya wenye sukari, yakamwagwa juu ya mkate uliochomwa. Alikula vijiko viwili akaacha. Mchana wenzake darasani walikula sandwichi iliyotoka kwenye friji. Kwetu sisi chakula kisichofuka moshi ni cha mtu aliyechelewa kurudi nyumbani. Kule ndicho chakula cha mchana cha watu wenye kazi nzuri. Hata majina yanapoteza. Kaskazini mwa Uingereza watu wengi huita mlo wa jioni "chai". Mama mmoja wa kanisani alimkaribisha chai, naye akala ndizi kwanza ili asionekane mlafi, akafika akakuta meza imeandaliwa nyama na viazi. Palikuwa pia na kitu kinachoitwa pudini ya Yorkshire, ambacho hakina utamu wowote: ni unga wa ngano, mayai na maziwa, vikiokwa katika mafuta yaliyopata moto sana, na huliwa na mchuzi wa nyama. Hicho alikipenda tangu siku hiyo.

Kuna pia soseji nyeusi inayotengenezwa kwa damu ya nguruwe, na huliwa asubuhi pamoja na mayai. Wakristo wengine hawali damu kwa sababu ya agizo la mitume katika Matendo ya Mitume sura ya 15. Kwa hiyo mtoto afundishwe kuuliza kabla ya kula, kwa adabu. Hakuna mwenyeji anayechukia kuulizwa.

Lakini ugeni wa ladha si hatari kubwa. Hatari inaanza pale mgeni anapokata tamaa na kuishi kwa vitafunio. Katika zamu ya usiku biskuti na chokoleti hazikosekani, na chai inanywewa tangu jioni mpaka alfajiri. Baada ya muda binti alianza kuona kizunguzungu akisimama, na mikono ikawa baridi hata ndani ya nyumba yenye joto. Alipopimwa damu, madini ya chuma yalikuwa chini. Wala haikunishangaza. Msichana anayepata hedhi kila mwezi, asiyekula nyama, dagaa, maharage wala mboga za majani, na anayeteremshia kila tonge kwa chai, atapungukiwa damu popote alipo. Chai huzuia madini ya chuma ya kwenye mboga na nafaka yasifyonzwe vizuri. Afadhali inywewe saa moja au zaidi baada ya chakula, na mlo wenyewe uambatane na chungwa, nyanya au pilipili hoho, kwa sababu vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini. Akina mama wa hapa nyumbani nasi tunahusika, maana kikombe cha chai hakitutoki mkononi.

Jua nalo ni chakula. Kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi jua la Uingereza halina nguvu ya kuuwezesha mwili kujitengenezea vitamini D. Wizara ya afya ya huko inawashauri watu wote wafikirie kutumia mikrogramu 10 kwa siku katika majira hayo, na wenye ngozi nyeusi mwaka mzima. Ni kidonge kidogo, na si ghali.

Kulitambua soko

Kilichombadilisha binti yetu ni soko. Leeds ina soko kubwa la ndani liitwalo Kirkgate, lenye wauza nyama, wauza samaki na wauza mboga, ambapo mtu anaweza kununua kidogo kidogo na kuuliza bei. Alipoingia mara ya kwanza alisema alisikia kelele za watu akajiona yuko nyumbani. Kule, na katika maduka ya Waasia, Wakaribi na Waafrika, mgeni hupata mihogo, ndizi za kupika, bamia na unga wa mahindi. Unga mweupe ukikosekana, wengi husonga ugali kwa semolina, yaani ngano iliyosagwa kwa chenga. Unaiva haraka na hushika vizuri. Sukuma wiki ipo, ila majani yake yamejikunja kama nywele. Na yapo majani ya jamii ya kabichi yasiyofunga kichwa ambayo yakikatwa membamba na kukaangwa kwa kitunguu, huwezi kujua umetoka kwenu. Dengu, tui la kopo na samaki wa makopo havina gharama kubwa. Uji wa oti, ukiukoroga wewe mwenyewe ukautia karanga zilizosagwa, ni ndugu wa uji wetu.

Jioni maduka mengi makubwa hubandika karatasi za manjano kwenye vyakula vinavyokaribia tarehe, na bei hushuka sana. Hapo mgeni awe macho. Kuna tarehe za aina mbili. Moja inasema chakula kitumike kufikia siku fulani. Hiyo ikipita, kitupwe hata kama kinanukia vizuri. Nyingine inasema chakula ni kizuri zaidi kabla ya siku fulani. Hiyo ikipita, ladha ndiyo inayopungua.

Sufuria moja kwa wiki

Mwanafunzi mwenye kazi hawezi kupika kila siku. Apike siku moja, agawe katika vyombo, aweke friji. Mambo mawili nawasihi mwambieni kabla hajaondoka, maana nyumbani huenda hakuyaona.

La kwanza ni maharage mekundu. Yana sumu ya asili ambayo huharibiwa na moto mkali tu. Sisi huyachemsha kwa saa nyingi juu ya mkaa, kwa hiyo hatuna habari nayo. Kule wanafunzi hununua chungu cha umeme kinachopika polepole, wanatumbukiza maharage mabichi, wanaenda kazini. Chungu hicho huenda kisifikie joto la kutosha, na maharage machache tu yasiyoiva yanatosha kumtapisha mtu vibaya ndani ya saa chache. Yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu katika maji mapya kwa dakika 10 au zaidi kabla ya kuendelea kuiva taratibu. Ya kopo yameshapikwa.

La pili ni wali. Tumezoea wali wa kiporo uliolala sufuriani mezani. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi wali unapopikwa, na wali ukikaa na uvuguvugu huzaana na kutoa sumu isiyoondoka hata ukipasha moto tena. Wali upozwe na uingie friji ndani ya saa moja, na uliwe ndani ya siku moja. Na hapa kwetu pia ni hivyo hivyo.

Jiko la pamoja nalo lina mambo yake. Siku binti alipokaanga samaki, king'ora cha moto kililia na nyumba nzima ikatoka nje kwenye baridi na taulo vichwani. Sasa hufunika kikaango, hufungua dirisha, na huwabakizia wenzake kipande. Hawajalalamika tena.

Sijasema mabinti peke yao. Mvulana asiyejua kuchemsha maharage ndiye anayeteseka zaidi, na pia mume anayekwenda kusoma akiwa na miaka 40 huku hajawahi kushika mwiko. Miezi mitatu kabla ya safari, mwachie jiko mara mbili kwa wiki. Usimsimamie. Aunguze.

Kuhusu kumtumia vitu, nyama na maziwa kutoka kwetu hayaruhusiwi kuingia Uingereza, wala samli, hata ukiyafunga vizuri namna gani, yatachukuliwa forodhani. Viungo vikavu vya pilau na majani ya chai havina shida hiyo. Na muhimu kuliko kifurushi chochote: ajiandikishe kwa daktari wa mtaa anaoishi katika wiki za mwanzo. Wanafunzi wengi hulipa ada ya matibabu pamoja na viza, kisha wanaugua chumbani kwa kudhani hospitali itawadai. Akipungua uzito bila kukusudia, hedhi ikikatika, akichoka hata siku za mapumziko, aende.

Dada yangu sasa hupigiwa simu ya video Jumapili, jikoni, sufuria ikiwa motoni. Juzi walibishana kwa nusu saa kama bamia inatiwa ndimu au haitiwi.