Akili ya Utingo na Akili ya Mwanachuoni

Kiganjo tunayoitaja leo si ile ya Nyeri yenye chuo cha polisi. Hii ni ya Thika, mji wa viwanda uliomvuta hata mtu wa Mwambao akaiacha minazi yake kwenda kutafuta riziki bara. Mtu huyo akipanda nissan ya abiria 14 jioni, na amtazame utingo. Hana kalamu wala karatasi. Huyu ametoa noti, yule anadai chenji, wa nyuma bado hajalipa. Yote yamo kichwani.

Wataalamu wa elimu ya nafsi, hasa wale wanaochunguza jinsi akili ipokeavyo habari, iiwekavyo na kuitoa, wamelishughulikia sana jambo hili. Mwaka 1956 Mmarekani George Miller aliandika kuwa akili hushika kwa mara moja mambo kama 7 tu, yakizidi humwagika. Mwaka 2001 Nelson Cowan akaipunguza hesabu hiyo: 4 hivi. Basi utingo huponaje? Hashiki watu 14, hushika safu. Mambo yakifungwa pamoja, fungu zima huhesabiwa moja.

Sasa twende chuoni. Wako wasemao kuwa mtoto anayehifadhi Kurani ni kasuku tu, na kwamba saa zile zingemfaa zaidi kwa hesabu. Mzazi aliye ugenini akiyasikia hayo kila siku, huenda akamtoa mwanawe chuoni. Je, ni kweli?

Sylvia Scribner na Michael Cole walilipima jambo hili huko Liberia miaka ya 1970, kwa Wavai, watu wenye hati yao wenyewe na ambao wengi wao ni Waislamu. Kitabu chao kilitoka 1981. Mtu alipewa maneno machache ayarudie, kisha akaongezewa moja, na jingine tena, kwa mpango ule ule bila kupangua. Waliosoma Kurani waliwapita wenzao. Wala si ajabu, maana ndivyo wafundishavyo maalimu wetu, aya juu ya aya. Lakini walipoambiwa wayataje maneno vyovyote watakavyo, ushindi ule haukuonekana.

Kwa hivyo anayesema kasuku amekosea, na anayedai kuwa hifadhi hunoa akili kwa kila kitu naye amezidisha chumvi. Akili hunolewa pale inapofanyishwa kazi.

Lipo na jingine. Mwaka 1972 Fergus Craik na Robert Lockhart walieleza kuwa neno lililofikiriwa maana yake hukaa kichwani kuliko lililoishia kwenye sauti. Mzazi wa Kiganjo, kabla ya kumtoa mtoto, angemwendea maalimu amuulize: tafsiri mwaanza lini?