Matumbawe Yanamhusu Nini Mtu wa Balangdalalu?

Maji ya mvua yanayoteremkia bonde la Balangdalalu, wilayani Hanang, hayafiki baharini. Yanaishia kwenye ziwa lisilo na mto unaotoka. Jua huyakausha, chumvi na magadi vikabaki. Udongo wa huko hauwezi kuyafukia matumbawe ya pwani, kama unavyoweza ule unaobebwa na mto Rufiji.

Hata hivyo, jirani wa ziwa la magadi ana pa kuanzia kuyaelewa matumbawe. Katika maziwa ya aina hiyo, heroe wadogo huishi kwa kula mwani mdogo mno. Ukipungua, huruka kwenda ziwa jingine. Tumbawe nalo linaishi kwa mwani. Si jiwe wala mmea, bali ni kundi la wanyama wadogo, kila mmoja na mdomo na minyiri yake, wanaojijengea nyumba ya chokaa. Mwani uliomo miilini mwao hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua, ukawalisha na kuwapa rangi. Ila tumbawe halina mabawa.

Bahari ikizidi joto la kawaida la msimu wa joto kwa nyuzi 1 hivi, kwa wiki kadhaa, mwani huanza kutoa sumu na mnyama huutapika. Hubaki weupe wa chokaa. Maji yakipoa mapema, mwani hurudi; yasipopoa, tumbawe hufa kwa njaa. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya mwamba wa Tutia, Mafia, yalikufa hivyo. Aprili 2024 wanasayansi walitangaza upaukaji wa nne wa dunia nzima. Chanzo ni hewa ya ukaa, ambayo sehemu kubwa yake imetoka nchi za viwanda, wala si majiko ya Hanang. Hilo lisemwe wazi.

Hasara inatugusa sote. Matumbawe hayafikii asilimia 1 ya sakafu ya bahari, lakini takriban robo ya aina za viumbe wa baharini huyategemea. Saitarabini, dawa ya saratani ya damu, ilitokana na utafiti wa sifongo wa miamba ya matumbawe ya bahari ya Karibi. Mgonjwa wa bara anaihitaji sawa na wa pwani.

Joto hatuwezi kulizuia peke yetu. Uvuvi wa baruti, majuya yanayokokotwa juu ya mwamba na maji taka tunaweza. Mwamba wa magharibi mwa kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, ulifungwa kwa uvuvi mwaka 1994, na waliokuwa wavuvi wakawa walinzi wake. Vyoo vya kisiwani ni vya mboji, hivyo kinyesi hakifiki mwambani.

Nawe ukishuka Dar es Salaam au Tanga, usikanyage mwamba maji yakitoka, wala usinunue yale makombe makubwa yenye umbo la baragumu kuwa pambo la sebuleni. Konokono wake ni miongoni mwa wachache wanaomla kiti cha pweza mwenye miiba, mlaji mkubwa wa matumbawe.