Hesabu si ya Kukariri

Wako wananchi wengi wanaouliza, na wana haki ya kuuliza: kijana anayekaa miaka mitatu katika Chuo Kikuu akisoma hesabu, atawafaa nini wale wanaomlipia kwa jasho lao? Mganga twamjua, mjenzi wa madaraja twamjua, mwalimu twamjua. Huyu wa hesabu kazi yake ni ipi? Leo twapenda kulijibu swali hilo, kwa kuwa linahusu uhai wa watu, wala si jambo la wasomi peke yao.

Katika vyuo vikuu liko somo la kuunda vielelezo vya hesabu. Maana yake ni kulitwaa jambo la dunia lenye mengi yaliyochanganyika, kuchagua yale machache yenye nguvu, kuyaandika kwa lugha ya hesabu na kutafuta jibu, kisha kulirudisha jibu hilo duniani na kulipima. Likionekana halilingani na mambo yalivyo, mwanafunzi hana budi kurudi mwanzo.

Na tutoe mfano uliomo katika nyumba zetu, nao ni malaria. Mnamo tarehe 20 Agosti 1897, huko Secunderabad katika Bara Hindi, daktari Ronald Ross aliviona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Kwa kazi hiyo alipewa Nishani ya Nobel mwaka 1902. Lakini Ross hakuishia kwenye darubini. Wengi walimwambia kwamba kupigana na mbu ni kazi bure, maana hakuna awezaye kuwamaliza wote. Yeye alishika kalamu, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1911 alionyesha kwa hesabu kwamba si lazima kuwamaliza. Mbu wakipungua hata kufikia kiasi ambacho kila mgonjwa mmoja huambukiza watu pungufu ya mmoja, ugonjwa hufifia wenyewe.

Katika miaka ya 1950 mtaalamu mwingine, George Macdonald, aliiendeleza kazi hiyo. Hapa twamwomba msomaji afanye hesabu pamoja nasi, kwani haihitaji zaidi ya kuzidisha. Mbu anyonyapo damu ya mgonjwa hawezi kumwambukiza mtu mwingine siku ile ile. Vijidudu huhitaji siku 10 hivi au zaidi, kwa kadiri ya joto, ndipo vikomae ndani yake. Kwa hiyo mbu wa hatari ni yule mzee, aliyeishi siku hizo zote.

Tuseme wako mbu 1,000, na katika kila mbu 100 wanaolala leo, 90 huamka kesho. Baada ya siku moja watabaki 900, baada ya siku mbili 810, na baada ya siku 10 watabaki 349 hivi. Sasa tuseme tumeyafukia madimbwi tukapunguza nusu ya mbu wanaozaliwa. Tutaanza na 500, na baada ya siku 10 watabaki 174. Lakini tukiwaacha wazaliwe wote 1,000, tukayafupisha tu maisha yao ili katika kila 100 waamke 80 badala ya 90, basi siku ya 10 watabaki 107 tu. Jambo linaloonekana dogo limeshinda jambo linaloonekana kubwa! Hii ndiyo hoja ya kupiga dawa kutani, na ndiyo moja ya sababu za kufaa kwa vyandarua vilivyotiwa dawa.

Hata hivyo, ndugu wasomaji, tusidhani kwamba kielelezo ni sheria isiyokosea. Mwaka 1955 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kuifuta malaria, likitegemea sana dawa ya DDT. Nchi kadhaa zilifaulu. Lakini mbu wa sehemu nyingi waliizoea dawa, na mwaka 1969 shirika lenyewe liliuacha mwendo ule. Huko Garki, kaskazini ya Nigeria, kati ya 1969 na 1976, nyumba zilipigwa dawa na watu wakapewa vidonge, na bado maambukizo hayakukatika. Hapo kuzidisha na kujumlisha hakukuwa na kosa. Kasoro ilikuwa katika yale yaliyodhaniwa tangu mwanzo, kwamba mbu atatua ukutani ndipo aondoke, kumbe wengine hupumzika nje.

Basi hapo ndipo ilipo faida kubwa ya somo hili. Mwanafunzi aliyezoea kupewa mlinganyo uliokwisha andikwa, akautatua na kupata alama, hujiona hodari. Mpe swali lisilo na mlinganyo, kama vile magari mangapi yanatosha njia hii asubuhi, au dawa kiasi gani iwekwe ghalani kabla ya masika, naye atashikwa na bumbuazi, kwa kuwa hakufunzwa kuchagua lipi la kuhesabu na lipi la kuacha.

Kwa hiyo twasema kwamba somo hili lisingojee shahada ya pili. Lianze mwaka wa kwanza, na lifundishwe kwa vikundi, kwani mmoja hujua kuhesabu, mwingine huwajua mbu, na wa tatu hujua kuandika maneno yakaeleweka. Mwanafunzi na aende zahanati na kituo cha mabasi, akamwulize mwuguzi na dereva, maana wao ndio wanaojua mambo yalivyo. Na kila jibu atakalolitoa aliandikie waziwazi mambo aliyoyadhani, ili mwenye kuumia likikosewa aweze kuyahoji.

Siku hizi kompyuta hutatua kwa dakika moja hesabu iliyomchosha mtu mwezi mzima. Lakini kompyuta haiendi kutazama mbu hulala wapi. Kazi hiyo ni ya mtu.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba daftari lisilolinganishwa na ghala hupoteza mali vile vile. Kijana atakayeyajua yote mawili hatakuwa amekula bure jasho la wananchi.