Masikio Hayazoei Kelele

Kila Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma na Mji Mkongwe wa Zanzibar ukijaa wageni wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, wasomaji huniuliza jambo moja. Mtu ametoka kwenye onyesho Ngome Kongwe usiku wa manane, masikio yameziba, kichwani kuna mlio usiokoma hata alipolaza kichwa kwenye mto. Anataka kujua atie nini sikioni: mafuta ya nazi, ya kitunguu saumu, au maji ya moto yenye chumvi.

Asitie chochote. Kilichoumia kiko kwenye koklea, ndani kabisa ya sikio, nyuma ya kiwambo, na tone la mafuta halifiki huko. Kama kiwambo kimetoboka ndiyo hatari zaidi, kwa sababu mafuta yatapita na kubeba uchafu hadi ndani.

Huko ndani kila sikio lina seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000 tu. Jicho lina seli za kupokea mwanga zaidi ya milioni 100. Sikio limepewa hizo chache, na zinatakiwa zidumu maisha mazima. Kama 3,500 kati ya hizo, zile za safu ya ndani, ndizo zinazopeleka habari kwenye ubongo. Zilizobaki, za safu za nje, kazi yake ni ya kustaajabisha: zinacheza. Sauti ikizitikisa, mwili wa kila seli hufupika na kurefuka maelfu ya mara kwa sekunde moja, kwa mdundo ule ule wa sauti iliyoingia, na mchezo huo huukuza mtikisiko dhaifu hadi seli za ndani ziupate. Protini inayoziwezesha, prestini, ilitambuliwa mwaka 2000. Kabla hujanyanyua mguu kucheza, seli hizi zimekwisha kutangulia.

Vinyweleo vyenyewe vimepangwa ngazi kwa ngazi, kifupi kando ya kirefu, na kila kimoja kimefungwa kwa jirani yake kwa uzi mwembamba wa protini. Vikiinama upande mmoja, uzi unavutika na kufungua mlango, potasiamu inaingia, umeme unazaliwa. Vikirudi, mlango unafungwa. Sasa weka seli hiyo mbele ya spika kwa saa tano. Milango inafunguka bila kupumzika, nyuzi zinakatika, taka za kemikali zinarundikana ndani ya seli. Hapo ndipo masikio yanapoziba na kuanza kulia. Ukiyapumzisha, nyuzi zilizokatika zinaweza kuungwa upya, na ndiyo maana wengi huamka kesho yake au keshokutwa wakiwa nafuu. Seli iliyokufa, hata hivyo, haioti tena. Kuku huotesha zake upya, jambo lililothibitishwa katika miaka ya 1980. Sisi na mamalia wenzetu koklea zetu hazina uwezo huo.

Madhara huanzia kwenye sauti nyembamba kuliko nzito, karibu na kilohezi 4, kwa sababu umbo la mfereji wa sikio linazikuza sauti za eneo hilo kabla hazijafika kiwamboni. Besi inayotetemesha kifua haina hatia kubwa kama watu wanavyodhani. Eneo hilo la sauti nyembamba ndilo lenye konsonanti za s, f, t na k. Aliyepoteza usikivu huo husema anasikia watu wakiongea lakini haelewi wanachosema. Saa, faa, taa na kaa vyote vinamfikia vikiwa vimebaki irabu.

Uongo ninaousikia zaidi ni kwamba masikio huzoea. Hayazoei. Kinachoitwa kuzoea ni sikio lililopungukiwa. Mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman wa Boston waliwaweka panya kwenye kelele ya desibeli 100 kwa saa mbili. Baada ya muda vipimo vya usikivu vilirudi kuwa vya kawaida na seli zenye vinyweleo zilikuwa hai. Walipochungulia kwa darubini, katika maeneo yaliyoathirika karibu nusu ya viungio kati ya seli za ndani na mishipa ya fahamu vilikuwa vimepotea. Kwa binadamu jambo hili bado linachunguzwa, ila kwangu linatosha kuacha kusema kwamba mlio ukiisha asubuhi basi hakuna kilichotokea.

Wengine husubiri maumivu. Sauti huanza kuuma karibu na desibeli 120, wakati madhara yameanza mapema zaidi. Kwa kipimo cha taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, desibeli 85 zinavumilika kwa saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda unakatwa nusu. Ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Tamasha ni saa kadhaa, usiku baada ya usiku.

Wapo pia wanaosema muziki wa nje hauna neno, sauti inapeperuka. Jibu lilitoka Amsterdam mwaka 2015, kwenye tamasha la nje la saa nne na nusu lenye wastani wa desibeli 100. Watu wazima 51 waligawanywa kwa kura, nusu wakapewa vizibo vya masikio. Kwa wasiovaa, asilimia 42 ya masikio yalipungukiwa usikivu kwa muda. Kwa waliovaa, asilimia 8. Mlio mpya uliwapata asilimia 40 ya wasiovaa na asilimia 12 ya waliovaa. Watafiti wa jaribio hilo walikuta pia kwamba unywaji wa pombe ulikwenda pamoja na madhara makubwa zaidi.

Pamba na karatasi ya chooni si vizibo. Vinapunguza sauti kidogo mno, na vinampa mtu ujasiri wa kusogea karibu na spika.

Halafu kuna wauza matone ya "kuotesha usikivu" kwenye simu zetu. Kampuni ya Marekani, Frequency Therapeutics, ilihangaika na dawa yenye lengo hilo kwa miaka mingi, ikiwa na maabara na wanasayansi wake, na Februari 2023 ikatangaza kwamba jaribio lake kubwa halikuonyesha manufaa. Wao walisema ukweli. Anayekuuzia kichupa kisicho na jina la kiwanda anakuibia pesa, na kibaya zaidi anakuibia siku. Usikivu ukipotea ghafla, hasa sikio moja, dawa za steroidi hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya siku chache. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo siku hiyo hiyo.

Kwa anayejiandaa: nunua vizibo vya sponji, visokote viwe vyembamba, vuta sikio juu kisha uviingize na uvishikilie hadi vitanuke. Simama mbali na spika. Mahali pasipo ukuta, kuongeza umbali mara mbili hupunguza kama desibeli 6. Toka nje kila baada ya muda. Mtoto avae vifuniko vya masikio vinavyofunika sikio lote. Kunywa maji na ule, maana joto la Februari na unyevu wa pwani haviachi jasho likauke. Mtu aliyechanganyikiwa huku mwili ukiwaka mwagie maji, mpepee, mkimbize hospitali.

Kwa waandaaji wa matamasha, kuanzia Unguja hadi Jinja na Goma: Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Machi 2022, wastani usiozidi desibeli 100 kwa dakika 15, sauti ipimwe wakati wote, vizibo vipatikane na pawe na mahali pa kupumzisha masikio. Wekeni vizibo langoni, hapo hapo mnapokagua tiketi.