Nagano: Mji uliozaliwa mlangoni pa hekalu

Wakenya wengi walilisikia jina Nagano mara ya kwanza mwaka 1998. Philip Boit, mzoefu wa mbio za kawaida, alikuwa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki za Msimu wa Baridi. Kwenye mbio za theluji za kilomita 10 alimaliza wa mwisho, lakini mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye utepe na kumkumbatia. Boit baadaye alimpa mwanawe jina Dæhlie.

Michezo hiyo ilifunguliwa kwa mlio wa kengele ya Zenko-ji. Na hapo ndipo stori ya Nagano inapoanzia, maana bila hekalu hili hakungekuwa na mji. Inasimuliwa kuwa lilianzishwa karne ya 7. Mahujaji walipozidi, wauza chakula na wenye nyumba za wageni wakajipanga njiani, mtaa ukawa mji, na leo ndio makao makuu ya mkoa. Ukitoka Tokyo, treni ya kasi inakufikisha kwa takriban saa moja na nusu.

Jumba kuu la sasa lilijengwa 1707. Linasimamiwa na madhehebu mawili ya Kibudha, na tangu zamani liliwakaribisha wanawake wakati mahekalu mengi yaliwafungia mlango.

Cha ajabu, sanamu yake takatifu haionyeshwi kwa mtu yeyote. Watu huona nakala tu, tena mara moja kila baada ya miaka sita. Siku nyingine unashuka kwenye njia ya chini ya madhabahu, giza totoro, huoni hata kiganja chako. Unapapasa ukuta kwa mkono wa kulia ukitafuta ufunguo wa chuma. Waumini wanaamini kwamba ukiugusa, umeungana na Buddha aliyefichwa juu yako.

Usidhani watawa wa hapa wanaishi na historia tu. Aprili 2008, mwenge wa Olimpiki za Beijing ulipangiwa kuanzia hekaluni kwao. Wakakataa, wakitaja usalama na yaliyokuwa yakitokea Tibet. Mwenge ukaanzia kwingine mjini, nao wakabaki kuwaombea waliouawa.

Kwa hivyo ukibahatika kufika Nagano, milima ya theluji ni poa, piga picha. Lakini usiondoke kabla ya kushuka kwenye lile giza. Huko simu haina kazi, na kama Boit, hakuna atakayekucheka ukitoka wa mwisho.