Wanaosafishwa damu: Kazi kubwa iko jikoni

Familia za Laare na maeneo mengine ya Igembe Kaskazini zenye wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine zinahimizwa kuangalia upya chakula kinachopikwa nyumbani. Wagonjwa wengi nchini husafishwa damu mara mbili kwa wiki, kwa takriban saa nne kila mara. Hizo ni saa 8 kati ya saa 168 za wiki. Katika saa 160 zinazobaki, maji na uchafu hujikusanya mwilini, na kasi yake hutegemea sana kile mgonjwa anachokula na kunywa.

Hatari kubwa zaidi ni madini ya potasiamu. Ndizi, nduma, viazi, parachichi, maharagwe na mboga za majani huyabeba kwa wingi. Kwa mtu mwenye figo nzima hivyo ni vyakula bora. Figo zikishindwa, potasiamu hubaki katika damu na inaweza kusimamisha moyo bila dalili ya mapema. Kwa sababu hiyo, sahani ya mukimo inayomfaa jirani inaweza kumdhuru mgonjwa.

Mgonjwa halazimiki kuviacha vyakula hivi vyote. Viazi na nduma vimenywe, vikatwe vipande vidogo na kuchemshwa katika maji mengi, kisha maji hayo yamwagwe. Maharagwe ya githeri yalowekwe usiku kucha na maji yabadilishwe kabla ya kupika, na mgonjwa apakuliwe kiasi kidogo. Magadi ya kulainisha maharagwe yasitumike, kwa kuwa yana sodiamu kama chumvi. Ugali wa unga mweupe, wali na kabichi iliyochemshwa na kuchujwa vina potasiamu kidogo.

Kosa jingine la kawaida ni kumnyima mgonjwa nyama na mayai. Kabla ya kuanza kusafishwa damu, huenda alishauriwa kupunguza protini. Akishaanza, mashine huondoa sehemu ya protini hiyo, na mahitaji yake hupanda hadi gramu 1 au 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 huhitaji gramu 60 hadi 72. Yai moja lina takriban gramu 6. Asipopata za kutosha, misuli hupungua na mwili hudhoofika.

Kuhusu vinywaji, mgonjwa asiyepata mkojo tena huelekezwa kutozidi nusu lita hadi lita moja kwa siku, chai, uji na supu vikihesabiwa. Kila lita inayobaki mwilini huongeza kilo moja, na maji yakizidi huingia katika mapafu. Chumvi ndiyo huleta kiu, kwa hiyo ipunguzwe kwanza.

Katika eneo hili la miraa, suala hilo ni zito zaidi. Miraa hupandisha shinikizo la damu, hukausha mdomo na kuua hamu ya chakula. Anayetafuna hunywa sana, mara nyingi soda. Soda nyeusi za kola huongeza fosforasi, inayoleta mwasho na kudhoofisha mifupa.

Wenye kisukari wawe waangalifu pia. Figo zilizoshindwa huchelewa kuondoa insulini, hivyo sukari inaweza kushuka ghafla kwa dozi ile ile ya zamani. Ikishuka, mgonjwa apewe sukari au glukosi katika maji kidogo, si ndizi wala maji ya machungwa.

Mahitaji hutofautiana, hivyo kila mgonjwa aombe kuonana na mtaalamu wa lishe anapokwenda kusafishwa damu, iwe ni katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Meru au kwingineko, na aende na mtu anayempikia. Akilegea misuli, moyo ukipiga ovyo au akishindwa kupumua akiwa amelala, apelekwe hospitalini mara moja bila kungoja siku yake ya mashine.