Unakarabati jiko? Anza na njia ya moshi, kabati zitafuata

Daktari alimuuliza dada yangu swali moja tu kuhusu nyumba yake: "Nyumbani mnapikia nini, mama?"

"Gesi, daktari," dada alijibu bila kusita.

Hakudanganya. Jikoni kwake Goba, nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam, kulikuwa na jiko jipya la gesi la plati nne, limezamishwa kwenye graniti nyeusi. Picha zake zilikuwa bado kwenye simu, alizowatumia ndugu wote kwenye kundi la familia.

Mimi nilikuwa nimempakata mpwa wangu wa miaka minne, aliyekuwa akikohoa kwa wiki ya tatu. Nilijua jibu lile ni nusu tu ya ukweli. Asubuhi ile maharage yalikuwa yakichemka kwenye jiko la mkaa, pale koridoni karibu na mlango wa nyuma, kwa sababu nje mvua ilikuwa inanyesha.

Nikamwambia daktari. Dada akanitazama lile jicho la "tutaongea nyumbani".

Daktari hakusema moshi ndio chanzo pekee cha kikohozi. Alimpima mtoto, akaandika dawa, kisha akaeleza kwamba kifua cha mtoto hakiwezi kutulia kama kila siku kinavuta moshi. Tulipotoka pale, dada alikuwa kimya hadi tulipopanda daladala. Ndipo akasema, "Mdogo wangu, milioni sita zote zile, na bado moshi uko ndani?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Jiko la picha na jiko la kupikia

Nyumba nyingi za pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Madale na Bunju hadi Chanika na Kigamboni, hujengwa kidogo kidogo. Familia huhamia ikiwa na vyumba viwili vyenye madirisha, mengine yanafuata. Jiko mara nyingi huwa la mwisho. Fedha ikipatikana, ya mshahara, ya mchezo au ya kikoba, mwenye nyumba anataka jiko kama analoliona kwenye simu.

Mitindo inayotamba sasa inajulikana: jiko la wazi lililoungana na sebule, kabati nyeupe au za kijivu zisizo na vishikio, juu yake graniti, taa ndogo chini ya kabati za juu na dari ya jipsam. Mwenye nafasi anaongeza kaunta ya katikati yenye viti virefu.

Hakuna ubaya kupenda kitu kizuri. Tatizo ni kwamba mtindo wa jiko la wazi ulienea katika nyumba ambazo kila kitu kinapikwa kwa gesi au umeme, na juu ya jiko kuna kifaa cha kuvuta moshi hadi nje. Sisi tumechukua uwazi, kifaa tumekiacha. Moshi wa kukaangia samaki sasa unaishia kwenye makochi na kwenye kitanda cha mtoto.

Vyakula vinavyochukua muda mrefu, kama maharage, makande na supu ya kongoro, vinarudi kwenye mkaa kwa hofu ya kumaliza gesi. Ndiyo maana nyumba nyingi zina majiko mawili: la picha ndani, la kupikia nyuma ya nyumba. Mvua ikinyesha, la nyuma linaingia ndani.

Daftari la dada

Dada alinikubalia nitumie hesabu zake. Jiko lake lina mita tatu kwa mita tatu na nusu. Hizi ni bei alizolipa yeye kwa mafundi na maduka yake, kwako zinaweza kuwa juu au chini.

Kabati za MDF, za chini na za juu: shilingi 2,800,000.
Graniti, mita nne: 1,200,000.
Dari ya jipsam na taa: 520,000.
Vigae vya ukutani: 480,000.
Jiko la gesi la plati nne: 450,000.
Sinki na bomba: 260,000.
Ufundi wa vigae, bomba na umeme: 700,000.

Jumla ni shilingi 6,410,000. Bajeti ilikuwa milioni sita, kwa hiyo 410,000 zilitoka kwenye mkopo wa kikoba.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari kulikuwa na kitu kingine: "feni ya kutolea moshi". Kilikatwa kwa mstari. Fedha ilipoanza kupungua, ndicho kilichoondolewa kwanza, kwa sababu hakionekani kwenye picha.

Tazama tena ile orodha. Kabati na graniti peke yake ni milioni nne, yaani zaidi ya nusu ya fedha yote. Kwa ajili ya hewa hakuna hata shilingi moja.

Moshi si wa kuzoea

Tumekua tukiambiwa moshi wa jikoni haumuui mtu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, itokanayo hasa na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kati ya hivyo, zaidi ya 237,000 vilikuwa vya watoto wa chini ya miaka mitano.

Mtoto huathirika zaidi kwa sababu mapafu yake bado yanakua na anapumua haraka kuliko mtu mzima. Tena huwa karibu na moto, mgongoni mwa mama au akicheza miguuni pake.

Mkaa una hatari ya ziada. Ukishakolea hautoi moshi mwingi, hivyo watu hudhani uko salama ndani. Lakini unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ndani ya chumba kilichofungwa inaweza kuua familia nzima usingizini. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani, hata kwa ajili ya joto.

Serikali ya Tanzania ilizindua mwezi Mei 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Kwa mwenye nyumba anayekarabati jiko leo, lengo hilo linaanzia kwenye daftari lake la bajeti.

Fedha iende wapi kwanza

Kama una fedha ya kukarabati jiko, panga matumizi kwa mpangilio huu. Ikiishia njiani, utabaki na jiko lisilopendeza sana lakini salama.

*Kwanza, hewa.* Jiko linahitaji hewa iingie upande mmoja na itoke upande mwingine. Dirisha moja lililozibwa na kabati halitoshi. Angalia pia wavu wa mbu, kwani ukigandwa na mafuta na vumbi, dirisha ni kama limefungwa. Ukinunua kifaa cha kuvuta moshi, muulize muuzaji kama kinautoa nje kwa bomba. Vipo vinavyochuja hewa na kuirudisha humo humo jikoni. Hivyo hupunguza mafuta na harufu, lakini haviondoi kaboni monoksaidi.

*Pili, gesi.* Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka chini na kujikusanya. Mtungi uliofichwa ndani ya kabati iliyofungwa ni hatari, hata kama kabati ni nzuri. Mahali pazuri ni nje ya ukuta, penye kivuli, mtungi ukiwa umesimama wima na umefungiwa kwenye kizimba chenye matundu. Kazi ya bomba mpe fundi wa gesi. Pima maungio kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe wala kuzima taa. Funga mtungi kama unaufikia, fungua milango, toa watoto nje, kisha piga 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji.

*Tatu, umeme.* Soketi ya kawaida ya ampea 13 inabeba takriban wati 3,000. Birika la wati 2,000 na jiko la wati 1,000 kwenye ekstensheni moja vimeshafika kikomo. Weka soketi za kutosha kabla ya vigae, maana kuongeza baadaye ni kubomoa ulichokwisha kulipia. Ziwe mbali na sinki, na waya wa ardhi uwepo kweli.

*Nne, maji.* Bomba la sinki likivuja taratibu, MDF hunywa maji, huvimba na haitarudi ilivyokuwa. Chini ya sinki, tofali zilizopigwa plasta na vigae, kisha milango tu ya bodi au alumini, hudumu zaidi na hupunguza gharama. Mchwa nao hapati chakula.

*Tano, watoto.* Kabati moja iwe na kufuli, kwa ajili ya dawa za kufulia, dawa za wadudu na mafuta ya taa. Usiweke vitu hivyo kwenye chupa za soda. Plati za nyuma zitumike zaidi kuliko za mbele, na mikono ya vikaango ielekee ukutani. Mtoto akiungua, mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpeleke kituo cha afya. Dawa ya meno na asali viache.

*Mwisho, urembo.* Hapa ndipo kabati, graniti na taa zinapoingia. Kaunta iwe na kimo cha sentimita 85 hadi 90, mgongo wako utashukuru. Kwa vigae, fanya hesabu mwenyewe: kigae cha sentimita 30 kwa 60 kinafunika mita za mraba 0.18. Ukuta wa mita za mraba 9 unahitaji vigae 50. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, unapata 55. Fundi akikuambia 80, mwombe akueleze.

Siku za vumbi

Ukarabati wenyewe una hatari zake. Kukata vigae na graniti kwa mashine kavu kunatoa vumbi la silika, ambalo likivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu. Australia ilipiga marufuku mawe ya kaunta yanayotengenezwa kiwandani kuanzia Julai 1, 2024, baada ya mafundi wake kuugua ugonjwa wa silikosisi.

Mwambie fundi akatie nje na kwa maji, naye avae barakoa inayofaa, si kitambaa. Ni mzazi wa mtu kama wewe. Rangi ya zamani isikwanguliwe kavu, kwani inaweza kuwa na risasi, madini yenye sumu kwa ubongo wa mtoto. Kama una shangazi au bibi wa karibu, watoto wakalale huko siku hizo.

Tulichobadilisha

Wiki mbili baada ya kwenda kwa daktari, shemeji alimwita fundi. Feni ya kutolea moshi, pamoja na kutoboa ukuta: 120,000. Kuhamishia mtungi nje, na kizimba chake: 150,000. Jiko la presha la umeme: 180,000. Jumla 450,000, pungufu ya dari ya jipsam na taa zake.

Lile jiko la presha ndilo lililokuwa na ubishi. "Hilo litamaliza LUKU," dada alisema. Tukakaa na hesabu. Kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima bila kupumzika kinakula uniti moja. Jiko la presha halifanyi hivyo, maana likishapata joto linajizima na kuwaka kwa vipindi. Sufuria ya maharage inaiva kwa chini ya uniti moja. Mteja wa kundi la dada hulipia uniti shilingi 292, kama 356 ukijumlisha kodi na tozo. Dada alinyamaza, akachukua kalamu, akaandika bei ya mkaa anaoununua kwa wiki. Hakubisha tena.

Mkaa haujaondoka kabisa. Jumapili shemeji huchoma mishikaki, lakini nje, chini ya mwembe, na mlango wa nyuma umefungwa.

Mpwa wangu bado hupata mafua kama mtoto yeyote, lakini kile kikohozi cha usiku hatujakisikia tena. Siwezi kusema ni feni, dawa au mvua kuisha. Ninachojua ni kwamba, aliporudi kliniki na kuulizwa tena wanapikia nini, dada alijibu "gesi na umeme, daktari", kisha akanigeukia kama vile ananiuliza: una la kuongeza?

Sikuwa nalo.